Tanuri la Orrin na Kisanduku cha Saba

Birch Narrows, Minnesota
4 Februari 2018

Dada Arlys,

Sisi huku hatujambo, yaani mimi sijambo, maana katika nyumba hii "sisi" ni mimi na jiko. Theluji imefika kwenye kizingiti cha dirisha na imeamua kukaa. Najua masikio yako na simu viliachana zamani, ndiyo maana nimenunua stempu kama mtu mwenye heshima zake.

Sikuandikii kwa shida yangu. Nina rafiki. Usicheke, ninao. Tulikuwa naye kwenye mashine za karatasi miaka yote ile. Mwaka jana, mwezi wa tano, akaacha kazi akiwa na miaka hamsini na minne. Mwezi wa saba akatoa dola elfu sitini kwenye akiba yake ya uzeeni, ile ya kiwandani, kwa ajili ya jambo ambalo yeye analiona la maana. Kabla ya kumpa, walimkata moja ya tano kwa ajili ya kodi, naye akadhani mambo ya kodi yameishia hapo. Sasa ameletewa karatasi inayoonyesha alichotoa. Kwenye kisanduku cha saba kuna tarakimu 1, imekaa peke yake kama mtu aliyewahi mazishini, na inamnyima raha.

Wewe kila msimu wa kodi unakaa hapo maktabani Fargo ukiwajazia watu ritani zao, zile fomu za kodi, bure. Rafiki yangu anauliza: pesa hizo aziandike wapi, na atadaiwa nini zaidi?

Ana haya kuuliza mwenyewe. Ni mtu mwema, ingawa kwa sura hakujaliwa.

Mdogo wako,
Orrin

*

Fargo, North Dakota
11 Februari 2018

Orrin,

Nimefurahi kusikia una rafiki. Mwambie ni mpumbavu.

Mtu mzima, ana afya yake, anakwenda kuchomoa akiba ya uzeeni kabla hajafika hamsini na tisa na nusu! Bila shaka amenunua boti. Nawajua wanaume wa kiwandani. Wakishika pesa wananunua boti, kisha ziwa linaganda, kisha wanakuja kukaa mbele yangu na kofia mapajani.

Haya, afanye hivi. Ile elfu sitini aiandike yote kwenye mapato yake ya mwaka, pamoja na mshahara. Nimesema yote, si ile iliyofika mkononi. Moja ya tano waliyomkata haikumaliza kodi. Ni malipo ya awali tu. Ataionyesha kwenye mstari wa kodi iliyokwisha kukatwa, naye atahesabiwa.

Halafu inakuja asilimia kumi ya nyongeza, adhabu ya kuchukua mapema. Hiyo ndiyo maana ya ile 1 yake: huyu bwana ametoa kabla ya wakati, na sisi tuliomlipa hatujui sababu yoyote ya kumsamehe. Hesabu ni rahisi, dola elfu sita. Fomu itamuuliza kama kuna msamaha unaomhusu. Upo kwa mtu aliyepata ulemavu, aliyezidiwa na gharama za hospitali, aliyerithi kwa marehemu, na orodha inaendelea. Kwa bwana wa miaka hamsini na minne mwenye boti, sioni kitu. Alipe.

Msalimie. Mpe pole yangu, lakini kidogo.

Dada yako,
Arlys

*

Birch Narrows
25 Februari 2018

Dada Arlys,

Nilimsomea rafiki yangu barua yako. Nilipofika kwenye upumbavu aliomba kahawa. Anasema si boti.

Amejaza kama ulivyoelekeza. Fomu ilipomuuliza habari za msamaha, alijibu hapana kabla swali halijaisha, akalipa. Anasema hakuona sababu ya kuwasumbua watu.

Ila sasa kuna jambo moja, nalitaja tu kwa kuwa karatasi imebaki. Zile elfu sita zilikuwa za awamu ya mwisho ya kitu alichonunua kwa mzee mmoja, Clifford Haugstad. Haugstad amemwambia kwa upole kwamba atamngoja hadi siku ya mwisho ya Agosti. Baada ya hapo anakuja na lori kuchukua kitu chake, kwa sababu kuna mnunuzi Wisconsin mwenye pesa mkononi. Bila kitu hicho rafiki yangu hana kazi tena. Lakini si neno. Ni mtu wa kutabasamu.

Kwa shukrani amekutumia mikate miwili ya iliki. Anaoka oka kidogo.

Mdogo wako,
Orrin

*

Fargo
4 Machi 2018

Orrin Tveit!

Hakuna rafiki.

Nilikuwa nimekaa na kahawa yangu, kipande cha pili kinywani, punje nzima ya iliki ikajipenyeza chini ya jino langu la bandia.  Katika dunia hii ni watu wawili tu waliowahi kutwanga iliki kivivu namna hiyo na kuiita imelainika. Mmoja ni mama yetu, na yuko nyuma ya kanisa chini ya theluji. Nikauweka mkate chini. Nikauchukua tena, maana ni mtamu. Halafu machozi yakanitoka, na mpaka sasa nasema ni jino.

Kwa hiyo umenunua bekari. Na "kitu" cha Haugstad ni tanuri, maana Haugstad huyo kwa ninavyomjua hajawahi kumiliki kingine chochote isipokuwa matanuri na kikohozi. Nami nimekuita mpumbavu kwa maandishi. Sifuti, ila sasa nalisema kwa mapenzi zaidi.

Nisikilize sasa, na ukae.

Nilikuwepo siku uliyozaliwa. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nikaambiwa nikae jikoni nisimkaribie mtu. Ilikuwa tarehe kumi na tisa Desemba, 1962. Kwa hiyo mwaka jana ulitimiza hamsini na mitano. Ulipoacha kazi mwezi wa tano ulikuwa hamsini na minne, ndiyo, hukusema uongo. Lakini sheria haitazami siku ile uliyotoka mlangoni. Inatazama mwaka. Mtu akiacha kazi ndani ya mwaka ule ule anaotimiza hamsini na mitano, au baada yake, kisha akatoa pesa kwenye mfuko wa mwajiri huyo huyo, ile asilimia kumi haimgusi. Kodi ya kawaida atalipa kama kila mtu. Adhabu hapana. Waliokulipa waliweka 1 kwa sababu waliona umri wako wa siku ile wakaishia hapo. Kazi ya kusema zaidi waliiacha kwako, na wewe ukasema hapana.

Elfu sita zile ni zako, Orrin!

Ungeniambia ni wewe, ningeijua siku yako ya kuzaliwa bila kuuliza. Ya mtu asiyekuwepo ningeiulizia wapi? Na mimi nilipaswa kuuliza hata hivyo. Kila anayekaa mbele yangu namuuliza alizaliwa lini. Safari hii nilishughulika mno na boti.

Nijibu jambo moja upesi, kwa sababu kila kitu kinasimama juu yake: pesa ulizitoa moja kwa moja kwenye mfuko wa kiwanda, au ulizihamishia kwanza kwenye akaunti yako binafsi ya uzeeni? Kama ulizihamisha, mlango huu umefungwa na mimi nitakula mkate uliobaki kwa huzuni.

Arlys

*

Birch Narrows
11 Machi 2018

Dada Arlys,

Haya, ni mimi. Rafiki yangu amefariki ghafla na hakuacha madeni ila langu.

Ni ile bekari ya barabara kuu, ile ya madirisha ya kijani, iliyofungwa tangu mwokaji wake Solveig alipohamia kwa binti yake. Tangu hapo mji mzima unanunua mkate kwenye kituo cha mafuta, mkate ambao ukiuminya unabaki umeminyika. Nilikuwa naipita bekari ile kila siku nikienda zamu, na kila siku nikawa najiambia yule anayeoka kwa ajili ya kanisa kila Krismasi angeweza. Yule ni mimi. Sikukuambia kwa sababu niliogopa ungecheka hadi masikio yako yazibuke. Jitu lililolinda mashine ya karatasi miaka thelathini, sasa limevaa aproni.

Ulichouliza: yule bibi wa benki alinishauri nizihamishie kwenye akaunti yangu binafsi kwanza, alisema ndivyo watu wenye busara wanavyofanya. Nilikwenda mara mbili kusaini. Mara zote mbili kulikuwa na foleni, na ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Kwa hiyo nilizitoa moja kwa moja kiwandani. Nimeishi miaka hamsini na mitano nikiambiwa uvivu utaniponza, na hii ndiyo mara ya kwanza umejitokeza kuchangia.

Lakini dada, habari ya msamaha tuiache tu. Niliondoka kiwandani nikicheka, mikono yangu miwili ipo, magoti yangu yanalia lakini yanapinda. Mambo hayo ni ya watu wenye shida. Nimeshalipa, yamekwisha. Wala si neno.

Asante sana lakini.

Orrin

*

Fargo
17 Machi 2018

Mdogo wangu,

Nakuona kabisa. Umekaa chumba cha chini cha kanisa baada ya ibada, kahawa ile inayoonyesha chini ya kikombe, na kwenye sahani kimebaki kipande kimoja cha keki. Kila mtu anakitaka. Mmoja anakata nusu, anaiacha nusu. Mwingine anakata nusu ya nusu. Mpaka akina mama wanakuja kuosha vyombo, kuna chembe pale ambayo hata panya angeionea haya, na watu arobaini wamerudi nyumbani na njaa na heshima yao.

Mimi pia nililelewa hivyo. Mtu akikukaribisha unakataa. Akikukaribisha tena unasema, hapana, nimeshiba kweli. Mara ya tatu ndiyo unasema, haya basi, kidogo tu. Mama angetufinya tungekubali kabla.

Lakini serikali haikulelewa na mama yetu, Orrin! Ilikuuliza mara moja. Ukasema hapana. Ikasema asante sana bwana, ikachukua elfu sita, ikaenda. Haikujua kwamba ilitakiwa irudi mara mbili kukubembeleza.

Nimekaa maktabani miaka tisa nikidhani watu wa huku hukosea hesabu. Sasa naanza kuamini nusu yao hesabu wanaijua, ila wana adabu kupita kiasi.

Na huo si msaada wa maskini. Hakuna mtu anayemnyang'anya yatima mkate wake ili akupe wewe. Ni kodi usiyodaiwa. Ungekuta mtu amechukua koti lako kimakosa kanisani, ungemfuata nje au ungesema alivae tu, mimi nitatembea na baridi?

(Usinijibu. Najua ungesema alivae.)

Nimekuwekea humu ritani ya marekebisho na ile fomu ya nyongeza ambayo juu yake unasema kwa nini adhabu haikuhusu. Nimejaza kwa penseli. Wewe pitia kwa kalamu, saini, tuma.

Dada yako,
Arlys

*

Birch Narrows
25 Machi 2018

Dada Arlys,

Fomu zimefika. Mwandiko wako bado ni ule wa mwalimu ubaoni, nilikaa wima nilipouona. Nimeziweka mezani na sijaziwekea kikombe juu.

Ni kweli yote uliyosema, hasa ya koti. Lakini nisikupotezee muda, una watu wengi hapo maktabani wenye shida za kweli. Tena labda nikiwaandikia watu wa kodi wataanza kunitazama, na mimi sipendi kutazamwa.

Haugstad alipita juzi. Alilizunguka tanuri lake polepole, akaligonga gonga ubavuni kama ng'ombe wa maonyesho. Akaniuliza, "Linakusumbua?" Nikamwambia, "Hapana, tunaelewana." Akasema, "Litapenda Wisconsin pia." Kisha akala vipande vitatu vya keki, akalipa viwili, akaniambia nisihuzunike kabla ya Agosti.

Hapana, dada, asante. Kweli kabisa.

Orrin

*

Fargo
31 Machi 2018

Orrin,

Mara ya tatu: karibu, chukua kilicho chako.

Arlys

Mengineyo: usisahau barua ya kiwanda yenye tarehe uliyoacha kazi. Kwenye fomu, namba ya sababu ni 01. Nimeiandika kubwa.

*

Birch Narrows
9 Aprili 2018

Dada Arlys,

Haya basi. Kidogo tu.

Nilikwenda kiwandani kuomba barua. Kule ofisini yupo bado LaDonna, unamkumbuka, yule mwenye sauti ya kuita meli. Nikamweleza kwa kunong'ona ninachotaka. Akapaza, "KUMBE UNARUHUSIWA KUDAI?" Jengo zima likasimamisha kazi. Nikasema, dada yangu anasema hivyo. Akasema, "Kama ni Arlys, usibishane," akapiga chapa barua pale pale, tarehe, muhuri, kila kitu.

Asubuhi iliyofuata wakaja bekarini wazee wenzangu wa zamu, wale tuliotoka pamoja mwaka jana. Habari ilikuwa imeshawafikia, nadhani waliisikia moja kwa moja kutoka kwa LaDonna bila kutoka majumbani. Wakakaa. Wakakoroga kahawa isiyo na sukari. Hatimaye Verlyn akasema, akilitazama dirisha, "Mimi nilikuwa na hamsini na saba nilipotoka."

"Ukatoa akiba?"

"Kidogo. Ya paa la nyumba."

"Na adhabu ulilipa?"

"Nililipa, ndiyo."

"Verlyn, si walikuuliza kama kuna msamaha unaokuhusu?"

"Waliuliza."

"Ukasemaje?"

"Nikasema hapana, nimeshakula nyumbani."

Tulicheka mpaka Verlyn mwenyewe akacheka, naye kwa kawaida hucheka mara moja kwa majira. Lakini ndugu yangu, mezani pale walikuwepo watatu wa namna hiyo. Nimewapa anwani ya maktaba yako. Wameahidi kuja, ila nimewaonya watakaribishwa mara moja tu.

Fomu nimezituma leo. Niliifungua bahasha mara mbili kuhakiki saini kabla ya kuiachia. Nimezoea kukanda vitu vinavyonyamaza.

Orrin

*

Fargo
22 Aprili 2018

Orrin,

Wamekuja. Wote watatu kwenye gari moja, wamechana nywele. Walikaa mstarini kama wanaosubiri kipaimara. Yule Verlyn nilimuuliza, "Kuna msamaha unaokuhusu?" Akafungua mdomo kusema hapana, wenzake wakamkanyaga miguu kutoka pande zote mbili.

"Ndiyo, mama," akasema. "Kama si usumbufu."

Nimemaliza miaka tisa hapa bila kusimama kwenye kiti. Siku ile nilisimama, nikawaambia wenzangu wa meza zote: kuanzia sasa swali hili halitaulizwa hivyo. Usimuulize mtu wa huku kama anastahili chochote. Muulize alizaliwa lini, aliacha kazi lini, pesa zilitoka mfuko gani. Mwache ajibu tarehe. Kustahili tutajua wenyewe. Msimu umekwisha, lakini tayari tumeita watu kumi na moja warudi.

Zako zitachukua miezi. Ritani ya marekebisho haina haraka, inasomwa na binadamu. Oka.

Arlys

*

Birch Narrows
19 Agosti 2018

Dada Arlys,

Samahani kwa kimya. Majira haya watalii wanaamka na njaa na wanalala na njaa.

Watu wa kodi waliandika mwezi wa sita kwamba wamezipokea karatasi zangu na nivute subira. Tangu hapo sijasikia, na sisemi ili kulalamika. Haugstad amenikumbusha kwamba tarehe thelathini na moja ni Ijumaa. Ameshakodi lori na watu wanne wa kunyanyua. Amenionyesha risiti, alipata bei nzuri akilipa mapema, na alikuwa na furaha kiasi kwamba sikutaka kumharibia.

Nimefikiria kuuza gari langu, lakini gari langu lingenunua mlango wa tanuri tu. Kama litaondoka, litaondoka. Nitarudi kuuliza kazi kiwandani, huenda LaDonna akaninong'onezea nafasi. Miezi hii nimeona watu wakisimama mlangoni wakinusa kabla ya kuingia, hilo haliwezi kupakiwa kwenye lori. Si neno, dada. Kweli si neno.

Jana nilitwanga iliki hadi ikawa vumbi. Kwa ajili ya jino lako.

Orrin

*

Fargo
23 Agosti 2018

Mdogo wangu,

Umeandika "si neno" mara mbili katika barua moja. Ndipo nikajua limekuwa neno kubwa.

Nilitaka kukutumia pesa. Nikahesabu: utakataa mara ya kwanza, barua siku tatu, utakataa mara ya pili, siku tatu nyingine, na Ijumaa imeshafika. Kwa hiyo nakuambia kitu kingine badala yake. Nimeitoa nakala ya ritani yako nikaipitia upya mstari kwa mstari, kama ya mtu nisiyempenda. Hakuna kosa. Tarehe ni zako, mfuko ni ule ule, sababu ni halali, barua ya kiwanda imeambatishwa. Kama tutashindwa, haitakuwa kwa sababu uliomba kisicho chako. Umeomba kilicho chako, kwa sauti, mbele ya serikali. Baba alikufa bila kufanya hivyo hata mara moja, ingawa naye alikuwa na chake cha kudai.

Usiuze gari. Na iliki usiitwange hivyo tena. Ninataka kuisikia.

Dada yako,
Arlys

*

Birch Narrows
1 Septemba 2018

Dada! Dada Arlys!

Hii naandika nimesimama, unga umeingia kwenye kalamu, utanisamehe.

Jumatano, mama posta aliingia mwenyewe hadi ndani, hajawahi kuingia, huwa anaacha barua sandukuni. Akasema, "Orrin, hii ina dirisha." Bahasha ya serikali, ile yenye dirisha ambamo hundi inakuchungulia. Nikamwambia aifungue yeye. Akasema hilo ni kosa la jinai. Nikaifungua. Elfu sita, Arlys. Zote. Hawakuiacha hata senti moja ya ile adhabu, na juu yake wakaweka riba kidogo kwa kukaa na pesa yangu. Serikali imenilipa MIMI riba! Na kabla hujashika kalamu: najua, riba hiyo nitaiandika kwenye ritani ya mwakani. Nimeshaiandikia kikaratasi nikakibandika kwenye pipa la unga.

Nilisoma barua yao kwa sauti mbele ya wateja. Wamesema wamerekebisha kama nilivyoomba. Kama nilivyoomba! Kulikuwa na wanawake wawili kutoka Iowa ambao hawakujua kinachoendelea, wakapiga makofi hata hivyo.

Alhamisi nikaenda benki, yule bibi wa foleni akanihudumia bila foleni, kisha nikampigia Haugstad. "Pesa yako ninayo," nikasema. "Tanuri linabaki."

 Nikasikia kikohozi. Akasema, "Vizuri sana. Lakini kesho nakuja hata hivyo."

"Kwa nini?"

"Nimeshalipia lori. Nimeshawalipa watu wanne siku nzima. Hawarudishi."

Huwezi kubishana na mtu wa kwetu juu ya kitu alichokwisha kulipia. Basi Ijumaa asubuhi wamekuja, Haugstad mbele, wanaume wanne nyuma yake wenye mabega ya milango, nyundo, vyuma vya kubomolea, kwa sababu tanuri lile halipiti mlangoni na walikuwa wameshapangiwa kuvunja ukuta wa mbele. Haugstad akapokea pesa zake, akazihesabu, akanipa mkono. Halafu tukasimama. Wale wanne wakatutazama. Ilikuwa saa mbili asubuhi na walikuwa na siku nzima iliyolipiwa.

Mkubwa wao akauliza, "Kwa hiyo tusivunje?"

Nikautazama ule ukuta. Unaujua, dada, ule ukuta mwembamba wa mbao ulioziba nusu ya mbele ya duka tangu enzi za Solveig, wateja wanabanana mlangoni, mtu akiagiza kahawa kiwiko chake kinakuwa barabarani. Kila siku ninapanga kuuondoa, na kila siku sina pesa ya kuwalipa wabomoaji.

"Vunjeni," nikasema.

Haugstad akafurahi kuliko alivyofurahia pesa. Alivua koti akashika nyundo mwenyewe. Verlyn na wenzake walikuwa barabarani wanakuja kunywa kahawa, wakasikia kishindo, wakadhani ndiyo tanuri linang'olewa, wakaja mbio, wazee wale, mbio kabisa! Wakakuta tanuri liko mahali pake limejaa mikate, na ukuta ndio unaoondoka. Mimi niko katikati na aproni, nacheka kama mwendawazimu.

Mbao ya mwisho ilipoanguka, harufu ikatoka yote kwa pamoja, ikateremka barabara nzima hadi kwenye kituo cha mafuta. Vumbi halijatulia bado watu wakaanza kuingia kupitia pale palipokuwa na ukuta, wanaruka mbao, wengine wamekuja na mabakuli yao, na hakuna hata mmoja aliyesema ameshiba.

Nimeuza kila kitu. Nakanda tena.

Mdogo wako, mwokaji wa Birch Narrows,
Orrin Tveit